Ndago kwenye bustani: usikimbilie kung'oa, jua kwanza unapambana na nini

Masika ikianza tu simu yangu inajaa picha za majani. Mtu kapanda bustani yake mwezi wa kumi na mbili, kaihudumia vizuri, ukoka umeshika, afu mvua za mwezi wa tatu zinapiga wiki moja anaona vijani vya kijani mpauko vinang'aa vimesimama juu ya nyasi kama antena, anakata leo, keshokutwa vimesimama tena na ukoka wenyewe hata haujasogea. Swali linakua lile lile, kaka hii nyasi gani na inatolewaje?

Hiyo sio nyasi. Hiyo ni ndago, na ukiendelea kuihesabu kama nyasi utaipigia dawa ya nyasi, utaikata kama nyasi, na itakushinda kila mwaka. Wataalamu wa magugu walivyopanga orodha ya magugu sumbufu duniani mwaka 1977 hii ndo waliiweka namba moja, sio huko Marekani tu wala India tu, dunia nzima, iko nchi zaidi ya 90. Kwahiyo usijione mzembe, una adui wa kimataifa nyumbani kwako Goba au Madale hapa Dar.

Kuitambua ni rahisi ukishaonyeshwa mara moja. Tafuta mche uliotoa kikonyo cha ua, shika kile kikonyo kati ya kidole gumba na cha shahada ukibiringishe. Shina la nyasi ni duara linateleza tu, la ndago linagoma, unahisi kona tatu kabisa kwenye ngozi. Kata kwa wembe uangalie, utaona pembetatu, na ndani kumejaa hakuna uwazi, na ukilifuata shina zima kutoka chini hadi juu hukuti vifundo kama vya nyasi au vya muwa. Majani nayo yanatoka kwa pande tatu, simama juu yake uangalie chini utaona yamejipanga upande huu, upande ule na ule, wakati nyasi zinatoa jani kushoto jani kulia basi. Na yanateleza, yana nta, ukimwagia maji yanakua vidonge yanadondoka. Hiyo nta uikumbuke, tutairudia kwenye dawa. Ndugu yake mkubwa unamjua, ni mafunjo, yale ya kwenye mabwawa na kingo za ziwa, shina lake pia ni la kona tatu.

Sasa hapo juu ni utambulisho tu. Ndago yenyewe iko chini. Ukitaka kunielewa usivute, chukua jembe uma, chimba kwa mbali kidogo na mche wenyewe, unyanyue bonge zima la udongo uliweke juu ya gunia afu ulisafishe taratibu na mpira wa maji. Mi huwa nawafanyia hivi wenye nyumba wabishi na huwa wananyamaza. Kwanza unaona chini ya majani kuna uvimbe mdogo, hapo ndo shina linapoanzia. Kutoka hapo inatoka kamba nyembamba ngumu, mwanzoni nyeupe ikizeeka inakua ya kahawia nyeusi kama waya (sahau kuivuta, inakatika), ukiifuata unakuta kiazi, size ya punje ya harage, kina magamba na vinywele. Unafikiri imeishia hapo, hapana, kamba inaendelea, kiazi kingine, kamba, kiazi, na kila kiazi kinaweza kupiga tawi lake pembeni na kutoa mche mwingine. Kipasue kimoja kwa kucha, ndani ni cheupe na kina harufu ya dawa dawa hivi inayokaribia kafuri. Wahindi wanaichemsha hiyo mizizi wanatoa mafuta ya manukato, wanaita nagarmotha, sisi tunaitukana tu.

Ukivuta jani kwa mkono kinachotoka ni majani na ule uvimbe ukibahatika. Kamba inakatika, viazi vinabaki. Na hapa ndo pana kitu ambacho mafundi wengi wa bustani hawajaambiwa. Kwenye ule mnyororo, kiazi cha mbele kinawazuia wenzake wasichipue, wanakua wamelala tu. Ukija ukaukata mnyororo vipande vipande kwa jembe umewaachia huru wote, kila kimoja kinaamka na mche wake. Ndo maana mtu analima kona yenye ndago kumi na tano anapata ndago mia, anasema kuna mchawi.

Kuna mama mmoja Kigamboni aliniita mwezi wa nne katikati ya mvua. Nimefika, shikamoo mama, marahaba baba karibu, akanizungusha nyuma ya nyumba, eneo zuri tu ila ndago imetanda mpaka kwenye maua.

"Kijana wangu kaniambia tulete pawatila, tugeuze udongo wote tuanze upya. We unasemaje?"

"Mama, ukileta pawatila mwezi huu hutakua umeing'oa, utakua umeipanda. Kwa mstari."

Akacheka ila hakuamini, mpaka nilipomchimbulia ule mnyororo nikauweka kwenye gunia mbele yake. Pawatila ikapumzishwa. Ila sio kwamba kugeuza udongo ni kubaya siku zote, ni swala la msimu, ntafika hapo.

Kabla hujafanya chochote jua una ndago ipi maana kwenye bustani zetu utakuta kama tatu hivi. Ya kwanza ni ya ua la zambarau kwenda wekundu wa kahawia, ndo yenye mnyororo niliouelezea, kiazi chake ni kichungu, ncha ya jani inakatika ghafla tu. Hii inavumilia ukame, inavumilia mchanga, inavumilia kila kitu isipokua kivuli na baridi. Ya pili ni ya ua la njano, jani lake linachongoka pole pole mpaka ncha ndefu kabisa, na viazi vyake havikai mnyororo, kila kamba ina kiazi kimoja mwishoni, cha duara, kitamu ukitafuna. Hii inapenda maji, ukiikuta sehemu moja tu ya bustani angalia kama kuna bomba linavuja chini. Hii ya njano ina ndugu yake analimwa kabisa, Hispania kule Valencia wanamtengenezea kinywaji wanaita horchata, na Nigeria wanavitafuna wanaviita aya. Afu kuna ile fupi yenye kichwa kidogo cha mviringo na vijani vitatu chini ya kichwa, hii mara nyingi haina viazi, inatambaa tu juu juu kwenye sehemu zenye unyevu, ukirekebisha maji yanayosimama na ukaichimba na mizizi yake umemaliza. Ukimkuta huyu wa tatu shukuru Mungu.

Kuhusu kasi ya kuzaana, watu wakidhani natia chumvi huwa nawapa mfano wa Minnesota, Marekani. Walipanda kiazi kimoja cha ndago ya njano, kimoja tu, wakakiacha bila kukisumbua, baada ya mwaka mmoja wakahesabu miche 1,900 na viazi karibu 7,000, na vyote kwenye duara la kama mita mbili kukatisha. Matokeo hayo yalitolewa 1961. Na Minnesota kuna barafu, sisi huku joto mwaka mzima.

Inaingiaje nyumbani? Mbegu za ile ya zambarau ni nadra kuota, kwahiyo usilaumu ndege wala upepo wala jirani. Inaingia na udongo. Lori la udongo mweusi, hilo ndo mlango mkuu, yule jamaa anachota bondeni alikopata, bonde lina ndago toka enzi na enzi, anakumwagia getini unafurahi udongo mweusi mzuri. Mlango wa pili ni miche ya kwenye viriba, angalia juu ya kiriba kabla hujalipa, ukiona kijani kimoja tu chenye kung'aa kimechomoza pembeni ya mche rudisha, au kama mche unaupenda sana uoshe mizizi yote nyumbani uupande kwenye udongo mwingine. Mlango wa tatu ni nyasi za kununua kwa mita, zinakuja na udongo wake na zawadi ndani. Na wa nne ni majembe na mauma ya mafundi wanaotoka bustani moja kwenda nyingine bila kuosha. Mi udongo wa lori nauchota ndoo moja natandaza kwenye beseni namwagilia naacha juani wiki mbili kabla mteja hajalipia lori la pili. Kama kuna ndago itajionyesha yenyewe. Wauza udongo hawanipendi.

Haya, kuitoa. Nianze na eneo dogo, vitanda vya maua, kona kona. Hapa silaha ni kuiwahi. Ndago ikichomoza inatumia akiba ya kwenye kiazi, na ile ya njano mche wa kwanza peke yake unakula zaidi ya nusu ya akiba yote. Ukiutoa, kiazi kinatoa mche wa pili, mdogo zaidi, ukautoa huo unakuja wa tatu dhaifu, mpaka kinaishiwa. Lakini ukiuacha mche ufikishe majani matano sita ushaanza kurudisha chakula chini na kutengeneza viazi vipya, hapo umerudi sifuri. Kwahiyo palizi ya ndago sio ya mwezi mara moja kama tulivyozoea, ni kupita kila baada ya wiki mbili, tatu zikizidi sana, na kisu kirefu au kijiko cha bustani unachokoa kwa chini, huna haja ya kuchimba shimo, unatoa mche na kile kivimbe unaenda zako. Kazi ya dakika chache. Shida ni kwamba lazima iwe hivyo msimu mzima, na mwenye nyumba akisafiri akamwachia mtu asiyejua, inarudi. Hakuna namna ya kulipamba hili.

Eneo kubwa lililooza kabisa, ambalo ndago ni nyingi kuliko nyasi, subiri kiangazi. Hapa ndo jembe na pawatila vinapopata kazi. Viazi vingi viko kwenye sentimita 15 za juu, na udhaifu wao mkubwa ni kukauka. Mwezi wa kwanza na wa pili kwa Dar jua linavyowaka, geuza udongo ukiwa mkavu, funga maji kabisa, acha viazi viangaliane na jua siku kadhaa, rudi geuza tena vile vya chini vije juu, ukipata nafasi pitisha reki uokote unavyoviona. Yule mama wa Kigamboni tulimfanyia hivi, tulisubiri mvua ziishe, tukafunga bomba, kijana wake akageuza akarudia akarudia mpaka vikawa vimesinyaa vimekua vigumu, ukivipasua ndani havina tena ule weupe. Mvua za vuli zilipokuja zilitoka chache za kuchokoa kwa kisu. Ukifanya kazi hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu ndo unapata zile mia za mchawi.

Ulivyochokoa usitupe kwenye mboji. Kiazi cha ndago kwenye mboji ya nyumbani kinakaa kinakusubiri, unakuja kukisambaza bustani nzima na mbolea yako mwenyewe. Tandaza kwenye bati juani mpaka vikauke kau.

Nailoni nyeusi naiona kila mahali, watu wanatandika chini afu wanamwaga kokoto juu, baada ya miezi miwili ndago imetoboa. Ndio inatoboa. Ikiwa gizani mche wake unabaki umejikunja umechongoka kama sindano, nailoni nyepesi haiwezi kuuzuia, hata viazi mviringo shambani inavitoboa ikapita katikati. Cha ajabu nailoni nyeupe inayopitisha mwanga inafanya kazi vizuri zaidi kwenye jua kali, kwa sababu mche ukiona mwanga unadhani umefika juu, unafungua majani, ukishafungua majani hauna tena ncha ya kutobolea, unabaki umebanwa chini ya nailoni joto linauunguza. Lowanisha udongo kidogo, tandika, bana pembeni zote kwa udongo, acha wiki sita mpaka nane za jua la ukweli. Haimalizi viazi vya chini kabisa ila inapunguza sana. Kwa chini ya kokoto na pevingi tumia lile turubai gumu la kufumwa, sio nailoni.

Kivuli ndo kitu tunachokidharau. Ndago inataka jua, mpe kivuli anadhoofika, anatoa viazi vichache. Kama kiwanja bado hujakipanda maua wala nyasi, panda viazi vitamu msimu mzima, matembele unakula na ndago inakosa mwanga. Kwenye bustani ya nyasi, acha kunyoa kipara! Mafundi wetu wanashusha mashine mpaka udongo unaonekana, wanasema ndo usafi, kumbe wameondoa kivuli chote cha ukoka na kufungulia ndago jua. Pandisha mashine, acha nyasi ziwe nene. Na mwagilia mara chache ila maji mengi, sio kila jioni kidogo kidogo kwa kubembeleza.

Dawa sasa, najua wengine mmeruka hapo juu mmekuja huku moja kwa moja. Glaifoseti inaua chochote cha kijani, ukoka wako na mawaridi yako pamoja, kwahiyo ni ya kwenye pevingi, njia na viwanja vitupu. Inashuka kweli mpaka kwenye viazi vilivyounganika na mche wenye majani, ila vile vilivyolala havisikii chochote, vitatoka baadae na utarudia. Piga ndago ikiwa na afya, imemwagiliwa, ina majani ya kutosha ila haijatoa ua, sio imenyauka kwa kiu, mmea uliolala na njaa haunywi dawa. Na usichanganye na maji ya tope, hili nalisema kila siku, glaifoseti ikikutana na chembe za udongo inashikana nazo nguvu inaisha, unapiga maji tu. Kwenye maua kuna mtindo wa kupaka jani moja moja kwa sponji huku umevaa glavu, unachosha ila unaokoa waridi.

Kwenye nyasi unahitaji dawa inayochagua, na kiambata, yaani ile kemikali yenyewe inayoua, cha kuulizia duka la pembejeo ni halosulfuroni. Hii inaua ndago inaacha nyasi nyingi za bustani zilizokwisha kushika mizizi, bustani iliyopandwa juzi isubiri. Ongeza stika, yaani kimiminika cha kuifanya dawa ishike kwenye jani, ndo ile nta niliyosema ukumbuke, bila stika dawa inateleza inadondoka chini. Usikate nyasi siku mbili kabla na siku mbili baada ya kupiga, majani ndo mlango wa dawa. Afu tulia. Ni ya pole pole, wiki mbili tatu ndo unaona njano, watu wanakosa subira wanarudia dozi wiki ya kwanza, wanaunguza nyasi na hela. Na isiguse maua wala bustani ya mboga. Dawa zinazounguza majani tu, zile unapiga asubuhi jioni majani yamekauka, zinafurahisha macho, kiazi hakina habari. 2,4-D nayo inaichachafya kidogo basi, hiyo ni ya majani mapana.

Soma lebo, vaa buti na glavu na barakoa, watoto na kuku wakae mbali mpaka ikauke, na hakikisha dawa imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, kwa Tanzania ni TPHPA. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usinunue hata ikiwa bei ya chai.

Swali ambalo naulizwa sana, je itaisha? Eneo dogo ukikomaa, ndio, viazi havina umri wa milele, misimu miwili mitatu ukiinyima majani inakata. Eneo kubwa lililopakana na bonde au kiwanja cha jirani kisicho na mwenyewe, sikudanganyi, utaishusha mpaka iwe kazi ya kupita na kisu Jumamosi asubuhi, na kwenye mpaka chimba kamtaro kembamba usimamishe mabati au plastiki ngumu sentimita 30 kwenda chini ili kamba zisipite.

Na kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kabla hujaanza kuchimba, kuna watu wanahesabu ile ndago kama bustani yao.